Korongo Mwenye Ndevu

Ungamo lilikuwa zuri mno, na hilo ndilo lililomkera Sajini Taratibu.

Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa ameona waongo wa kila rangi, lakini mwizi anayekiri kwa aya zilizonyooka, bila kumsingizia rafiki, shetani wala pombe, huyo hakuwahi kumwona. Aliisoma karatasi mara ya tatu, akailaza mezani, akaigonga kwa ncha ya kalamu. Jina la Taratibu alipewa na wenzake kituoni, na wala halikuwa sifa. Pale wenzake walipomaliza taarifa kwa ukurasa mmoja, yeye alijaza sita na bado akauliza kama kuna karatasi.

"Kesi imejifunga yenyewe, wewe unaifungua ya nini?" Mkuu wa kituo alisimama mlangoni na kikombe chake. "Mzee kalalamika, mtoto kakiri. Gari la mahakamani linaondoka saa tisa. Umwandae."

"Kabla ya saa tisa nitakuwa nimemaliza, afande."

"Wewe? Kumaliza?" Mkuu alienda zake akicheka.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Mzee mmoja, mkata tiketi wa reli mstaafu, alikuwa mkusanyaji wa sarafu za zamani. Jumatatu alifika kituoni kulalamika kwamba sarafu yake ya thamani kuliko zote imeibwa, na mahali pake pamewekwa bandia. Jumanne akakamatwa mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu, kwa sababu alionekana akiingia kwenye duka la mnunuzi wa sarafu. Jana, Jumatano, fundi akakiri: aliichukua ile halisi, akamuuzia mtu asiyemjua stendi, akaweka bandia. Basi.

Alimkuta fundi kwenye chumba cha mahojiano, kwenye ile meza ambayo mguu wake mmoja umetegemezwa kwa boksi lililokunjwa. Alikuwa bado na shati alilovaa Jumamosi, siku aliyomzika mama yake.

"Fundi, umelala?"

"Nimelala, afande."

"Umekula?"

"Nimekula."

Macho yalikuwa mekundu kama pilipili, na sahani ya chakula ilikuwa pale pale pembeni, haijaguswa hata kwa kidole. Sajini aliandika: *anadanganya hata penye faida yake kusema kweli*. Kisha akavuta kiti.

"Hiyo bandia uliipata wapi?"

"Kuna mtu alinitengenezea."

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mtu tu wa stendi, mtu tu wa bandia. Una marafiki wengi wasio na sura." Alifungua jalada. "Baba yako ameandika hapa kwamba sarafu yake ina ndevu. Ndevu gani hizo? Nieleze mimi, sijui kitu."

Hapo uso wa fundi ulilegea kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za utotoni.

"Ina picha ya korongo. Kile chuma cha kupigia chapa, kalibu yake, kilianza kupasuka wakati wa kazi. Ule ufa ukaacha mstari mwembamba chini ya mdomo wa korongo. Ukiuona kwa lenzi utasema ndege kaota ndevu. Mwishowe kalibu ikavunjika kabisa, na hawakutengeneza nyingine. Zilizopigwa zote ni mia tatu na kumi na mbili. Zenye ndevu hazifiki arobaini. Hesabu hiyo baba alinifundisha kabla sijajua kufunga kamba za viatu."

"Na ile bandia uliyoiweka, ina ndevu?"

Nje mtu alikuwa akiwasha pikipiki inayokataa kuwaka.

"Haina."

"Una hakika?"

"Afande, nani atahangaika kuchonga ndevu kwenye bandia?"

Sajini aliandika jibu hilo neno kwa neno, akalisoma kwa sauti, akamgeuzia karatasi atie saini. Fundi alitia saini haraka haraka, mkono wa mtu anayetaka mlango ufungwe.

Kwenye kabati la vielelezo, Sajini alisainia bahasha, akaifungua kwa kibano. Sarafu ilianguka kwenye kiganja cha glavu ikimeta kama kijiko kipya. Hakuna mtu pale kituoni aliyekuwa ameiwekea hata miwani ya kusomea. Ya nini? Mzee mwenyewe ndiye mtaalamu, na mtaalamu kasema bandia. Sajini aliisogeza dirishani, akakodoa macho, akaona ndege na mng'aro, basi. Akairudisha kwenye bahasha na kwenda nayo kwa mnunuzi.

Duka la mnunuzi lilibanwa kati ya kinyozi na muuza simu, upana wake kama wa korido. Mwenyewe walimwita Lenzi. Kwa kubana lenzi jichoni miaka nenda miaka rudi, nyusi yake moja ilikuwa imehamia juu na haikurudi tena, kwa hiyo hata akisalimia alionekana hakuamini.

"Nilishasema kwa askari wenu. Sijanunua."

"Sijaja kuuliza kama umenunua. Nimekuja uniangalizie."

Lenzi alitandaza kitambaa cheusi, akavaa glavu, akaiweka sarafu kwenye mizani ndogo. Alisoma namba, akafungua daftari, akasoma tena. Akabana lenzi na kuinama. Alikaa hivyo mpaka wembe wa kinyozi wa jirani ukasikika ukinolewa.

"Hii ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo yenyewe. Korongo mwenye ndevu. Ya mzee."

"Ameandika kwamba ni bandia."

"Na ameandika kwa hasira. Uzito ni ule ule, umepungua chembe tu. Ndevu hizi hapa. Na hapa ukingoni ina kovu dogo. Nimemwomba mzee huyu aniuzie mara ngapi mimi? Kila nikienda naitazama, naondoka na mate mdomoni. Kovu hili nalijua kama fizi zangu." Aliitoa lenzi. Jicho lilikuwa limelowa. "Nani amefanya unyama huu?"

"Unyama gani? Mbona inang'aa?"

"Huo ndio unyama wenyewe! Sarafu ya madini ya fedha ikikaa huota ngozi, afande. Weusi laini, kingoni kuna ubuluu kidogo. Ya mzee ilikuwa na ngozi ya miaka arobaini, hakuna mfano wake. Ukiisugua umeichuna, umeiharibu. Mkusanyaji anaweza kukusamehe ukimtukania ukoo mzima. Ukimsafishia sarafu, hakusamehi."

"Imesafishwa kwa nini?"

Lenzi alisogeza pua. "Dawa ya meno. Imebaki humu kwenye manyoya ya bawa. Nusa."

Ilinukia mnanaa.

"Na alivyosugua?"

"Mviringo. Anaanza katikati, anazunguka kwenda nje. Mikwaruzo imejipanga vizuri kabisa." Alirudisha lenzi jichoni, sauti ikapungua. "Huyu hakuwa na haraka, afande, wala hakuwa na ubaya. Kila unyoya kaupitia."

Sajini aliandika yote hayo. Kisha akauliza jambo lililomkaa kooni. "Mzee amekaa nayo miaka yote hiyo. Inakuwaje wewe uitambue na yeye asiitambue?"

"Kwa sababu wewe umeniletea na kuniomba niangalie. Yeye alifungua kijaluba cha sarafu akitegemea weusi, akakuta mng'aro. Mtu wa mtaani angesema, aa, imesafishwa. Sisi hapana. Sisi tukiona Korongo anang'aa, kichwani linakuja neno moja, bandia. Kwamba mtu wa ndani ya nyumba yake, anayejua sheria za nyumba ile, ameichukua akaipaka dawa ya meno, hilo halimwingii kabisa. Nakuhakikishia hata lenzi hakuiwekea. Aliitupa."

"Mwanawe alikuja hapa."

"Alikuja. Askari wenu aliuliza kama alikuja, nikasema ndiyo. Hakuuliza alitaka nini."

"Mimi nauliza."

Lenzi alivua glavu kidole kimoja kimoja. "Aliuliza kama sarafu iliyosuguliwa inaweza kurudishiwa ngozi. Nikamwambia ikitoka imetoka. Akauliza, hata kwa moto? Hata kwa dawa? Nikamcheka, Mungu anisamehe. Akakaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia, akalia. Nikadhani ni ugonjwa wa mama yake."

"Siku gani?"

"Jumatano ya wiki iliyopita."

Barazani Sajini aliegemea nguzo, akapanga siku kwenye ukurasa mpya. Jumanne ya wiki iliyopita mzee anafungua kijaluba, kama alivyoandika kwenye malalamiko. Jumatano mwana anauliza dawa ya kurudisha ngozi. Ijumaa mama anafariki, Jumamosi wanazika. Jumatatu mzee anakuja kituoni. Mtu aliyeuza sarafu stendi haendi kuuliza namna ya kuitibu. Alipiga mstari chini ya *Jumatano*, kisha akarudi juu na kuandika *Jumatatu* nyingine, ile ya kabla ya yote, na mbele yake alama ya kuuliza.

Saa tano na nusu alibisha kwa mzee.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Si amekiri? Unatafuta nini tena?"

"Namalizia maandishi tu."

Nyumba ilikuwa na ule ukimya wa nyumba iliyotoka msibani, viti vya kuazima vikiwa bado vimebebana ukumbini. Kabati la sarafu lilisimama ukutani, droo nyembamba nyembamba, zamani likihifadhi tiketi za safari. Mzee alivuta droo kwa uzoefu wa kiganja. Kila sarafu ililala kwenye tundu lake, na chini yake kadi kwa mwandiko wa karani: mwaka, idadi iliyopigwa, hali yake, ilitoka kwa nani. Tundu moja, la kijaluba cha Korongo, lilikuwa tupu. Kadi yake ilikuwepo. *Zilipigwa 312. Hali: nzuri sana, haijaguswa.*

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Huu wangu, hautoki mfukoni. Wa pili alikuwa nao mama yake fundi, kwenye kopo la nyuzi. Miaka thelathini na minane, hakuutumia hata siku moja. Kabati hili alikuwa akiliita mke mwenzake. Asubuhi ananiambia, 'Nenda kamwamkie mke mwenzangu, asije akanuna.'" Mzee alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Chumbani, nyuma ya mlango, lilitundikwa koti la kijivu lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikawa kama imechorwa kwa rula. Chini yake viatu vyeusi ndani ya mfuko.

"Nguo hizi za nini?"

"Za maonyesho, Jumamosi hii. Chama cha wakusanyaji kilinialika nikaonyeshe Korongo. Mara ya kwanza, mwanangu. Gazeti lingepiga picha." Mzee aliligusa koti begani, akatoa mkono. "Alilipiga pasi akiwa kitandani, ubao mapajani. Nilimkataza. Akaniambia hawezi kunitoa mbele za watu kama mtu asiye na mke."

"Na viatu?"

"Yeye. Ile Jumatatu, siku moja kabla sijafungua kijaluba. Mimi nilikuwa nimekwenda kumchukulia dawa hospitali, foleni ikanila mpaka mchana."

"Nyumbani alibaki na nani?"

"Na huyo mwizi wenu."

Sajini alitoa kiatu kimoja kwenye mfuko, akakipeleka dirishani, akakigeuza polepole kwenye mwanga. Rangi ilikuwa imesuguliwa kwa duara, kutoka katikati kwenda nje, hakuna sehemu iliyorukwa. Alikirudisha. Kisha akaomba ruhusa ya kufungua kidroo cha kando ya kitanda, na mzee akaenda kusimama dirishani, kwa sababu kile kidroo hakuwa amekifungua tangu Ijumaa.

Kulikuwa na vidonge, kitana, kopo la nyuzi, na bomba la dawa ya meno lililokunjwa mpaka shingoni. Chini kabisa kulikuwa na vitambaa viwili vya flana, vimekunjwa vizuri. Kimoja kilikuwa na rangi ya viatu. Cha pili kilikuwa na madoa ya kijivu yaliyokoza, na kilinukia mnanaa.

Sajini alikitia kwenye bahasha pamoja na lile bomba, akaandika saa na mahali. Mwandiko wake, ambao kwa kawaida ni mzuri, ulipinda kidogo.

"Mzee wangu, siku ulipokifungua kijaluba, ulisimama wapi?"

"Hapo mlangoni. Asubuhi ile aliamka na utani wake, niende nikamwamkie mke mwenzake. Alikuwa na furaha, sijamwona hivyo siku nyingi. Nikaenda, nikafungua. Nikaja nacho hapa mbio."

"Ukasema nini?"

"Nilisema mengi."

"Nahitaji maneno yenyewe."

Mzee hakugeuka. "Nilisema mkono uliofanya hivi ukauke. Nilisema aliyefanya hivi nisimtie machoni tena maisha yangu. Nilisema Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Sauti ikakauka, bado nasema."

"Na mama alisema nini?"

"Hakusema neno. Aligeukia ukutani. Nilijua ananionea huruma."

Sajini aliandika. Ilimbidi aandike, na ilimuuma kuandika, na hakuna mahali kwenye daftari la polisi pa kuandika kwamba imekuuma. Aliaga akiwa ametazama chini.

Saa saba na nusu aliviweka vitu vitatu mbele ya fundi kwenye meza ya mguu mbovu: sarafu, bomba la dawa ya meno, kitambaa. Alikaa akasubiri, na katika kusubiri hakuwa na mpinzani kituo kizima.

Fundi alikitazama kitambaa.

"Korongo huyu ana ndevu, fundi," Sajini alisema kwa upole. "Ulisaini kwamba hana."

"Usimwambie, afande. Nakuomba. Chochote kingine, lakini usimwambie."

"Nieleze tangu mwanzo."

"Aliniomba ufunguo kwenye kopo la nyuzi. Alisema nimfungulie, nimpe kijaluba akitazame tu. Nilimpa mimi. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Jirani jokofu lake lilikuwa linavuja, nikaenda nikakaa huko zaidi ya saa. Niliporudi alikuwa anacheka peke yake kitandani. Akaniambia, 'Nimemwogesha mke mwenzangu, asije akatuaibisha mbele za watu. Koti safi, viatu safi, halafu yeye aende na uchafu wake?'" Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilijua pale pale. Nimekulia nyumba ile, nimechapwa kwa kugusa tu ile droo. Nikamtazama mama usoni. Afande, nilishindwa. Nikamwambia kapendeza."

"Halafu kesho yake."

"Kesho yake baba akasimama mlangoni. Akamlaani. Hakujua anamlaani nani, lakini aliyekuwa akilaaniwa alikuwa amelala pale na anasikia kila neno, siku tatu. Nikakimbilia kwa Lenzi labda kuna dawa. Hakuna. Alhamisi mama akanishika mkono. Nilidhani ataniambia anaogopa baba. Wala. Alisema, 'Asijue ni mimi. Akijua hatajisamehe mpaka anaingia kaburini. Mwache amkasirikie mtu mwingine.' Ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana, mengine yalikuwa maji, maji."

"Ukaamua mtu mwingine awe wewe."

"Jela mtu hutoka, afande."

Sajini alifunga daftari. "Siwezi kumpeleka mtu mahakamani kwa wizi ambao haukutokea. Hakuna kilichoibwa wala hakuna bandia."

"Andika basi kwamba niliisugua mimi."

"Siandiki ninachojua si kweli."

"Basi usiandike aliyeisugua."

Hilo Sajini alilifikiria. Sheria ilitaka kujua kama kuna kosa, na halikuwepo. Nani alisugua nini kwa dawa ya meno, sheria haikuuliza, na yeye kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alifurahi kwamba haikuuliza. "Taarifa yangu itasema mali imepatikana na ni halisi," alisema. "Lakini lazima mwenyewe aje aitambue kwa macho yake na afute malalamiko. Huo ndio utaratibu, siwezi kuuruka. Na yule ana macho."

Mzee alifika saa nane na nusu. Alikuwa amevaa lile koti la kijivu na vile viatu, kwa sababu ndizo nguo pekee ndani ya nyumba zilizokuwa zimepigwa pasi. Alipomwona mwanawe amekaa pale, aligeuza uso.

"Nimeambiwa nije nitambue. Nitambue nini? Ile takataka nilishaiona."

"Uliiona, mzee wangu. Hukuiangalia." Sajini alimsogezea sarafu kwenye kitambaa cheusi alichoazima kwa Lenzi, na juu yake lenzi ya kuazima pia. "Naomba uiangalie, kama unavyoangalia ya mtu mwingine."

Mzee alivuta pumzi ya kukereka, akainama. Mgongo wake ulikaa hivyo, umepinda, kwa muda. Sajini aliona kidole chake kikianza kufuata mstari hewani, chini ya mdomo wa ndege, kisha ukingoni kwenye kovu. Kisha kidole kikasimama.

"Yangu," mzee alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Hii ni yangu. Nani ameisafisha?"

"Mimi, baba," fundi alisema haraka. "Nilitaka ing'ae kwa maonyesho. Nikaogopa kukwambia."

"Wewe." Mzee alikuwa bado ameinama kwenye lenzi. "Wewe hujawahi kusugua hata sufuria."

Aliinua sarafu kwa kibano, akaisogeza puani, akanusa. Akainama tena, akaangalia mikwaruzo ile inayozunguka, inayoanza katikati na kwenda nje kwa mpangilio wake. Kisha, polepole, macho yake yalishuka mpaka kwenye viatu alivyovaa. Alivitazama kimoja, akatazama cha pili.

Alitafuta kiti kwa mkono bila kukiona. Sajini alimsogezea.

"Jumatatu," mzee alisema. "Nilipokwenda kumchukulia dawa."

Fundi alikuwa akilia bila sauti.

"Alinisikia?"

"Alikuwa amelala, baba."

"Aligeukia ukutani."

"Mgonjwa akilala hujigeuza, baba. Alikuwa amelala. Siku zote tatu alikuwa amelala, hakusikia kitu."

Mzee alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Alikuwa amekata tiketi miaka thelathini, amedanganywa na maelfu ya abiria, na alijua uongo hata ukija umevaa koti. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepewa maji na mtu ambaye mwenyewe ana kiu.

Sajini, ambaye huandika kila neno linalosemwa katika chumba kile, hakuandika.

Fomu ya kurudishia mali ilikuwa na nafasi tatu. Ya kwanza iliuliza ni mali gani, na mzee akajaza kwa ule mwandiko wake wa karani: sarafu ya korongo, zilipigwa 312. Ya pili iliuliza hali ya mali inaporudishwa. Hapo alisita, kisha akaandika bila kufuta: *Imeogeshwa na mke wangu*. Akaichukua sarafu kwa vidole vitupu, yeye ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kuigusa bila glavu, akaibana kiganjani.

Nafasi ya tatu iliuliza kama mlalamikaji ana malalamiko mengine.

"Hapa naandika nini, mwanangu?"

"Kama huna, mzee wangu, andika sina."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. "Na mtu akiwa anajilalamikia mwenyewe, inaandikwa wapi?"

Sajini Taratibu alizijua fomu zote za kituo kile kwa namba zake, za mbele na za nyuma. "Haina nafasi," alisema. "Pole sana, mzee wangu. Haina nafasi."

Mzee aliiacha wazi, akatia saini chini. Mwanawe alimshika mkono, na mzee akauachia ushikwe, wakatoka hivyo mpaka getini, mmoja na koti la pasi, mwingine na shati la mazishi. Gari la mahakamani lilikuwa limeshawasha injini, na mkuu wa kituo alikuwa akiita kutoka uani, mshtakiwa yuko wapi?

Kwa utaratibu wa kituo, fomu yenye nafasi tupu hairuhusiwi kupokelewa. Sajini aliigonga muhuri, akaifungia ndani ya jalada.